Mlango unaopitisha kusi: ugonjwa uko wapi, na mpangaji afanye nini

Kanga ndiyo iliyoniambia. Ilikuwa usiku wa Julai, feni nimeizima kwa sababu ya kipupwe, mlango wa mbele nimeufunga kwa ufunguo na komeo, na ile kanga ninayoitundika kwenye msumari nyuma ya mlango inapepea taratibu, pindo la chini linainuka na kushuka kama kuna mtoto analichezea. Asubuhi nikakuta vumbi laini limejipanga sakafuni kuanzia kwenye kizingiti mpaka ukingoni mwa mkeka.

Watu wa bara wakisikia mtu wa Tanga analalamikia baridi huwa wanacheka. Usiku wa nyuzi joto 20 au 21 kwao ni wa kulalia shuka tu. Wacheke. Mwili uliozoea joto la Februari la Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga mjini, ukalala na godoro chini, halafu upepo wa bahari wenye unyevu ukakupiga kiunoni usiku kucha, hauna muda wa kuhesabu nyuzi. Na hapo sijataja vumbi, mbu, wala maji ya mvua yanayoingia bila hodi.

Siku ya pili nilifanya kosa ambalo nadhani wapangaji wengi wanalifanya. Nilikwenda dukani, nikanunua sponji ya kubandika, nikaizungusha fremu nzima, juu na pembeni kote. Jioni mlango ukagoma kujifunga. Nikausukuma kwa bega mpaka kitasa kikaingia. Baada ya siku tatu sponji imeanguka yote, inaning'inia kama utumbo wa kuku, na kanga inapepea kama kawaida. Sponji haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilinunua dawa kabla ya kujua mgonjwa anaumwa wapi.

Kwanza utafute upepo unakoingilia

Chagua saa ambayo kusi, ule upepo unaotoka kusini miezi ya katikati ya mwaka, inavuma hasa. Kwangu ni kuanzia alasiri mpaka magharibi. Ukipima asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala, utaambiwa mlango mzima.

Washa kijiti cha udi, funga mlango, kipitishe polepole kando ya mianya yote: chini, upande wa kitasa, juu, upande wa bawaba, kisha kwenye tundu la ufunguo, kisha pale fremu inapokutana na ukuta. Moshi ukipanda wima, pazima. Ukilala ghafla kuelekea ndani, weka alama ya chaki hapo. Kama upepo ni mkali na moshi unatawanyika kabla hujauona vizuri, tumia uzi mwembamba wa pamba uliofungwa kwenye njiti. Huo haudanganyi.

Kipimo cha pili ni cha usiku, na siku umeme ukikatika ndiyo raha yake. Zima kila kitu, mwambie mtu asimame nje na tochi, aizungushe kando ya mlango taratibu. Wewe ukiwa ndani gizani utaona mlango wako umechorwa kwa mistari ya mwanga. Angalia umbo la mistari hiyo kwa makini. Mstari wenye upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho ni habari moja, na mstari uliochongoka kama kabari, mwembamba huku na mnene kule, ni habari nyingine kabisa. Tutarudi hapo.

Cha tatu ni karatasi. Kata ukanda wa gazeti, ubane kati ya mlango na fremu, funga, kisha uvute. Ukitoka kwa kukwaruza, mlango unabana. Ukiteleza kama umewekwa hewani, hapo hakuna kinachozuia upepo. Rudia kila sentimita 30 hivi.

Halafu kuna jaribio ambalo watu hulisahau: nenda kafunge mlango wa uani. Nyumba zetu nyingi hizi zina ukumbi katikati, mlango wa mbele huku, mlango wa uani kule, vyumba pande zote mbili. Uani pakiwa wazi, upepo unaona njia ya kutokea, kwa hiyo unaingia kwa nguvu mbele. Pakifungwa, hewa ya ndani inausukuma upepo urudi. Mara ya kwanza nilipofunga uani, kanga yangu ilipunguza kupepea kwa zaidi ya nusu, na sijatumia hata shilingi. Kama na kwako ni hivyo, nusu ya ugonjwa wako uko kwenye tabia ya wapangaji wenzako ya kuacha uani wazi, na hilo halitibiki kwa sponji. Linatibika kwa maneno mazuri, na wakati mwingine kwa kuwapelekea chai.

Vumbi na upepo vinapita chini

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Sakafu ya saruji imelika au imemwagwa kwa mteremko, mlango umekatwa mfupi ili usikwame kwenye mkeka, na chini pamebaki mwanya.

Usiudharau. Mlango wa upana wa sentimita 80 ukiwa na mwanya wa sentimita moja chini, ni sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 8 kwa 10. Hakuna ambaye angeacha tundu hilo ukutani akalala.

Dawa ya mpangaji ni nyoka wa mchanga, mfuko mrefu unaolazwa kwa ndani kuziba mwanya wa chini. Chukua mguu wa suruali kuukuu, shona upande mmoja, jaza, shona upande wa pili. Wengine wanajaza pumba au maranda ya seremala kwa sababu ni mepesi kubeba. Mimi nilianza na maranda na kusi ikawa inamsukuma nyoka wangu kila usiku, asubuhi namkuta yuko mbali na mlango, kajikunja. Mchanga mkavu ndio wenye uzito unaotakiwa. Uwe mkavu kweli, na usiuchote ufukweni, kwa sababu mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu mpaka kitambaa kinaota ukungu.

Tatizo la nyoka ni kwamba ukitoka nje huwezi kumrudisha mahali pake. Kwa hilo kuna nyoka pacha: mirija miwili ya kitambaa iliyounganishwa na kipande cha kanga, mmoja ukae ndani, mmoja nje, kanga ipite chini ya mlango. Mlango ukifunguka unaondoka nao. Hapa ujaze sponji au matambara, si mchanga, la sivyo utaburuta gunia. Sakafu iwe laini. Kwenye saruji yenye mikwaruzo kanga itachanika ndani ya wiki chache, nayo haina thamani kubwa kama uliichagua iliyokwisha kupauka.

Kama shida yako ni mvua na si upepo tu, nyoka wa kitambaa ni adui. Atanyonya maji, ataloweka sehemu ya chini ya mlango, na mbao itaanza kuoza kimyakimya. Hapo kinachofaa ni ukanda wa mpira. Tyubu kuukuu ya baiskeli haina upana wa kutosha, chukua ya pikipiki, ipasue, ukate ukanda wa sentimita 6 au 7, uupigilie upande wa nje wa mlango ili uning'inie ukigusa kizingiti. Maji yakipiga mlango yanateremka juu ya mpira na kumwagikia nje. Lakini huko ni kupiga misumari kwenye mali ya mtu, kwa hiyo uliza kwanza.

Mwanya ni mwembamba lakini unazunguka mlango wote

Huu unadanganya. Ukiutazama unaona milimita tatu, unasema si kitu. Sasa piga hesabu: pande mbili za mita 2 na juu sentimita 80, jumla mita 4.8. Zidisha kwa milimita tatu. Unapata sentimita za mraba 144, yaani tundu la 12 kwa 12, kubwa kuliko lile la chini lililokuwa linakusumbua. Tofauti ni kwamba limesambazwa, kwa hiyo huhisi ncha ya upepo mahali pamoja, unahisi tu kwamba chumba hakitulii.

Hapa ndipo sponji ya kubandika inapofanya kazi yake, ila kuna mambo matatu yaliyoniangusha mimi.

La kwanza ni mahali. Sponji haiwekwi pale ambapo mlango unasugua ukipita. Inawekwa kwenye ule ukingo wa fremu ambao mlango huugonga unapofika mwisho, ili ibanwe. Ikisuguliwa, inavuliwa kama ganda.

La pili ni unene. Iwe nene kidogo kuliko mwanya, basi. Nene mno, kitasa hakifiki kwenye tundu lake na utaanza kupiga mlango bega, ambayo ndiyo njia ya haraka ya kung'oa bawaba. Kama mwanya wako haulingani, tumia unene tofauti sehemu tofauti. Hakuna sheria inayosema lazima uwe mmoja.

La tatu ni uchafu. Fremu za mjini hapa zina ngozi ya chumvi na mafuta ya mikono, na zile zilizopakwa rangi ya maji ya bei rahisi zinatoa unga ukizigusa. Gundi haishiki unga. Futa kwa maji ya sabuni, futa tena kwa maji safi, acha ikauke siku nzima ya jua, kisha pitisha kidole. Kikitoka na weupe, piga msasa mwepesi mahali pa kubandika. Bila hivyo, siku tatu. Nimekwisha kuzihesabu.

Mlango unagongagonga usiku

Upepo unaupiga, unarudi, unaupiga, unarudi. Wengine wanafikiri ni mtu, wengine wanafikiri mengine. Ni kitasa kimelegea kwenye tundu lake, mlango una nafasi ya kucheza.

Lakini hapa kuna jambo ambalo nilichelewa kulielewa, nalo lilinifumbulia kwa nini mlango wa mbele unanitesa na wa uani, ambao ni mbovu zaidi kwa kuutazama, haunitesi. Milango yetu hufunguka kwa ndani. Maana yake ule ukingo wa fremu unaopokea mlango uko upande wa nje. Kusi inapopiga mbele ya nyumba, inausukuma mlango kuelekea ndani, yaani inauachanisha na ukingo wake. Kadiri upepo unavyozidi, ndivyo mwanya unavyofunguka. Kule uani, upande ambao upepo unakimbilia, mambo yanageuka: hewa ya ndani inataka kutoka, inausukuma mlango wa uani dhidi ya ukingo wake na kuubana. Upepo wenyewe unaufunga.

Kwa hiyo kwenye mlango unaotazama upepo, sponji peke yake haitoshi, kwa sababu upepo utauondoa mlango usiiguse. Unahitaji kitu cha kuuvuta. Kitasa kiko katikati tu. Juu na chini mlango uko huru, na mlango mwembamba unapinda kwa kusukumwa. Komeo moja dogo juu na jingine chini, yakiwa yamefungwa ili yaukaze mlango kwenye sponji, yalimaliza kelele zangu usiku ule ule. Ni skrubu chache tu, na mwenye nyumba hukubali kirahisi kwa sababu makomeo ni usalama pia. Ila ya juu yawe mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuyafikia. Mlango ambao watu wa ndani hawawezi kuufungua kwa haraka ni mtego nyumba ikishika moto.

Mlango unaburuta chini, na mwanga juu una umbo la kabari

Turudi kwenye tochi. Kama mwanga wa juu ya mlango ni mwembamba upande wa bawaba na mnene upande wa kitasa, na sakafuni kuna mkwaruzo wa upinde kama umechorwa kwa bikari, acha habari ya sponji. Mlango wako umelala. Bawaba ya juu imeachia, kona ya kitasa imeshuka.

Bawaba ya juu ndiyo inayovutwa, ya chini inasukumwa tu. Kwa hiyo inayochoka ni ya juu. Na hapa pwani skrubu za chuma hazichoki kwa uzito peke yake, zinaliwa na kutu, kutu inavimba ndani ya tundu, mbao inaharibika, na siku moja skrubu inazunguka bila kushika. Jaribu: fungua mlango nusu, ushike kwenye kitasa, uunyanyue. Ukiona bawaba inapumua kwenye fremu, umempata mwizi.

Dawa yake imo jikoni. Weka vitabu au kipande cha ubao chini ya mlango mpaka urudi usawa wake. Toa skrubu moja, si zote. Chukua njiti za kiberiti, vunja vichwa, zipake gundi ya mbao, zishindilie kwenye tundu mpaka lijae, zikate usawa wa mbao. Fanya hivyo tundu moja moja: moja likishakauka na kurudishiwa skrubu, ndipo uhamie jingine. Acha usiku mzima ikauke huku mlango ukiwa bado juu ya vitabu. Kesho rudisha skrubu, na kama unaweza, nunua za shaba au za chuma kisichoshika kutu, ndefu kidogo kuliko za zamani. Bei yake inauma mara moja tu.

Nilipokwenda kumwomba ruhusa mwenye nyumba nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Haya, nini tena, maji?"

"Si maji. Mlango wa mbele, bawaba ya juu imeachia. Nataka niibane mwenyewe, sitoboi mahali papya."

"Na siku ukihama?"

"Sponji nabandua naondoka nayo. Bawaba nakuachia."

Akacheka mpaka akashika kifua. "Sponji chukua. Lakini msumari kwenye fremu ile usinipigie hata mmoja. Baba yao aliifuata Muheza mwenyewe, mtiki ule."

Kumbe ndiyo maana fremu imenyooka miaka yote na mlango wa mbao nyingine uliowekwa baadaye ndio unaohangaika ndani yake. Mtiki hauchezichezi sana na unyevu. Mbao nyepesi zinacheza. Tangu siku hiyo napiga picha kabla ya kugusa kitu chochote, ninaandika kwenye daftari nimenunua nini kwa kiasi gani, na tunakubaliana mapema kama kinakatwa kwenye kodi au ni sadaka yangu. Ukimwendea mwenye nyumba na picha ya sakafu iliyokwaruzwa, mazungumzo yanakuwa mafupi kuliko ukimwendea na malalamiko.

Masika unabana, kaskazi unapwaya

Hapa ndipo mafundi wengi, na mimi nawaheshimu, wanapomharibia mpangaji. Mwezi wa tano, mvua zimenyesha wiki nzima, mlango umevimba haufungiki. Anaitwa seremala. Anakuja na randa, anachonga upande wa kitasa, mlango unafungika vizuri, analipwa, kila mtu anafurahi. Januari, upepo wa kaskazi unavuma, jua limekausha kila kitu, mbao imenywea, na pale alipochonga unapitisha kidole. Masika yakirudi unavimba tena, lakini sasa huku umechongwa na kule haujachongwa, na mwanya umebaki wa kudumu.

Mbao huvimba kwa upana wake, kwa urefu karibu haibadiliki. Chukua mlango wa mbao zilizosimamishwa wima na kuunganishwa, upana sentimita 80. Zikivimba kwa asilimia moja tu, umeshapata milimita 8. Ndiyo maana mlango haukwami juu, unakwama pembeni.

Ukibanwa na masika, vumilia. Paka kipande cha mshumaa au sabuni ya mche kwenye sehemu inayosugua, upite nayo mpaka mvua zikatike. Kujua ni wapi hasa, paka chaki ukingoni mwa mlango, ufunge na kufungua mara mbili, uone chaki imehamia wapi kwenye fremu. Kisha subiri kiangazi, mlango ukauke kabisa, ndipo uamue kama kuna cha kuchonga. Mara nyingi hakuna.

Kinachotakiwa ni rangi mahali ambapo hakuna anayepaona. Mlango unapakwa rangi mbele na nyuma, halafu ukingo wa juu na wa chini unaachwa mbichi kwa sababu hauonekani. Unyevu unaingia hapo hapo. Kioo kidogo ukikipitisha chini ya mlango kitakuonyesha mbao tupu. Kuupaka ukingo wa chini inabidi mlango ung'olewe, kazi ya watu wawili ya asubuhi moja, na ni mambo ya kumshawishi mwenye nyumba, si ya kufanya kimya kimya. Wa juu unaufikia kwa kiti.

Unagusa juu lakini chini umeachana

Mlango umepinda. Hutaunyoosha, na anayekuambia aulaze juani na kuuwekea mawe akunyooshee, mshukuru tu. Bandika sponji nyembamba panapogusa na nene panapoachana, ongeza komeo upande ulioachana, maisha yaendelee. Milango ya plaiwudi iliyolowa chini ndiyo yenye ugonjwa huu zaidi, na ikishaanza kuachana matabaka, ni ya kubadilishwa, gharama ya mwenye nyumba.

Mluzi

Tundu la ufunguo. Kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu kilichotundikwa kwa msumari mdogo upande wa ndani, kianguke chenyewe juu ya tundu. Basi. Kama huruhusiwi msumari, pamba kwenye tundu usiku, asubuhi itoe.

Upepo unatoka kati ya fremu na ukuta

Huu hauonekani mchana kwa sababu ufa umefunikwa na ubao mwembamba wa urembo au na rangi. Udi ndio utakaouumbua. Fremu imenywea, saruji imebaki, au mlango umebamizwa miaka na miaka mpaka plasta ikaachia.

Hapa namshukuru mzee mmoja wa ufukweni, fundi wa majahazi, niliyemwona akikalafati ubavu wa mashua. Anasokota pamba kuwa uzi mnene, anaulowesha mafuta, anaushindilia kati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo dogo, mpaka mwanya umekunywa uzi wote. Baharini maji hayapiti, seuze upepo wa barabara ya ngapi sijui Ngamiani. Nilifanya vile vile kwenye fremu: pamba niliyoitoa kwenye mto wa zamani, nikaisokota, nikaishindilia kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ncha ili isichane mbao. Mafuta nikayaacha, maana yangechafua ukuta na kuwaita mende. Juu yake ukitaka paka silikoni au puti, lakini hata pamba tupu inatosha kwa msimu, na siku ukihama unaivuta inatoka yote kama mkia.

Ukishindilia na ukaona pamba inatoweka tu, au unga mweusi na udongo unamwagika, simama. Huenda mchwa wamekula fremu kwa ndani na kilichobaki ni rangi. Hilo mwite mwenye nyumba aje alione kwa macho yake.

Umetengeneza yote na bado baridi

Basi si mlango. Inua macho. Matofali yenye matundu juu ya mlango na madirisha, mwanya kati ya kichwa cha ukuta na bati, chumba kisicho na dari, dirisha lenye wavu na nondo bila kioo. Hivyo viliwekwa kwa sababu Desemba mpaka Machi utavihitaji kuliko sasa. Ukitaka kutulia wakati wa kipupwe, hamisha kitanda kitoke kwenye mstari kati ya mlango na dirisha, au tundika pazia zito lisilopeperushwa na upepo kirahisi. Usizibe matundu ya juu.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya mdogo wangu anayefundisha Lushoto. Kule, mita 1,400 hivi juu ya bahari, baridi ya Juni na Julai si ya kutaniwa. Nilipomweleza habari za nyoka wa mchanga na sponji alifurahi, akaziba mlango wake kila upande, akatundika na blanketi juu yake. Siku nyingine akanipigia, katika mazungumzo akataja kwamba jioni huwa anaingiza jiko la mkaa ndani, lipashe chumba joto kabla ya kulala, "likiwa limeshakolea, moshi hakuna".

Moshi kutokuwepo si dalili ya usalama. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, unatoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu. Katika chumba chenye mlango unaovuja, gesi hiyo ilikuwa inapata pa kutokea kwa kiasi. Ukishauziba mlango vizuri, umeifungia pamoja na wewe. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na aliyelala anaweza asipate nafasi ya kuamka. Ukihisi hivyo kwenye chumba chenye jiko, usitafute dawa ya kichwa. Fungua mlango, toeni watu wote nje kwenye hewa, kisha hospitali. Kanuni yetu sasa ni moja: jiko linapikia nje au jikoni penye dirisha wazi, na chumba cha kulala hakiingii jiko wala jenereta, kiwe kimezibwa au hakijazibwa. Joto la Lushoto lipatikane kwa blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi.

Mlango wangu mimi sijauziba wote. Juu, upande wa bawaba, nimeacha sentimita 20 hivi bila sponji, kwa makusudi. Kanga inacheza pindo kidogo kusi ikikasirika, nami nalala.

Novemba kaskazi ikianza kuvuma, nabandua sponji ya mlango wa mbele, nasafisha gundi kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, na nyoka wa mchanga anahamia mlango wa uani, maana sasa zamu ni yake.